Viatu Visivyo na Unga

Wifi yangu aliandika riwaya nzima kwa miezi mitano, huku akisuka nywele za watu kuanzia saa mbili asubuhi. Mimi nilikuwa mwaka wa nne kwenye sura ya kwanza. Naanza na hilo kwa sababu yote niliyofanya baadaye yalitoka hapo, na nimechoka kujitafutia chanzo chenye heshima zaidi.

Nafanya kazi katika duka la kuchapa na kutoa nakala hapa Busia, upande wa Uganda, karibu na pale malori yanapopanga foleni kuvuka. Watu huniletea barua za kuomba kazi, ratiba za mazishi, mikataba ya mashamba kutoka Masinya. Nikimaliza ya kwao, nafungua faili langu. Hakuna aliyenifundisha kuandika. Nilijifundisha kwa vitabu vya mitumba, na hasa aina moja: riwaya za giza, zile ambazo mtu anakusimulia maisha yake kwa upole, unamwamini, unamhurumia, na unapokaribia mwisho unagundua kwamba yeye ndiye aliyefanya yale anayoyalilia. Nilizisoma na penseli mkononi. Kila msimulizi alipodanganya nilitia nukta pembeni. Nilikuwa na daftari la sheria, na sheria zilikuwa nyingi kuliko kurasa zangu. Kuhusu uongo wa vitabuni nilijua kila kitu. Kilichonishinda ni kuandika ukurasa wa pili bila kurudi kuusafisha wa kwanza.

Wifi ni mke wa kaka yangu mkubwa. Kwao ni Nagongera, na wanaishi Tororo, ambako ana saluni ya viti viwili. Yeye Mjopadhola, sisi Wasamia, kwa hiyo tangu aolewe lugha yetu ni Kiswahili. Chake cha sokoni, ambamo "anasema" huwa "nasema"; changu cha vitabuni. Siku ilipoanzia habari hii alikuwa amekuja nyumbani kwa mama, tukawa watatu tunabambua karanga, na mimi nikawa nawaeleza kuhusu msimulizi asiyeaminika. Niliongea kama mwalimu. Nilipenda sauti yangu siku ile.

"Sasa huyo mtu nadanganya nani?" wifi akauliza.

"Msomaji."

"Na msomaji hajui?"

"Anajua mwishoni."

"Hiyo si kitabu, wifi. Hiyo ni saluni. Mtu nakaa kwa kiti naniambia alianguka kwa ngazi, na mimi nasuka tu, naona alama ya vidole kwa shingo."

Mama aliacha kubambua. Akamtazama kwa muda, akasema, "Huyu mtoto angeandika kitabu."

Mama ameniona nikiandika miaka minne. Hajawahi kuniambia neno kama lile. Nilicheka pamoja nao, nikabambua karanga kwa nguvu hadi kucha ikauma.

Kosa lililofuata nalo lilikuwa langu. Wachapishaji fulani wa upande wa Kenya walitangaza kwamba wanapokea miswada ya riwaya za Kiswahili, na mimi nikampigia wifi simu kumwambia nitapeleka yangu. Nilitaka shahidi wa ndoto zangu. Sikujua nampa tarehe ya mwisho. Wiki tatu kabla ya siku ya kufunga, dereva wa teksi ya abiria ya Tororo alisimama mbele ya duka akanipa daftari la kaunta, lile jeusi gumu, limefungwa kwa leso. Ndani palikuwa na karatasi: "Wifi, nyoosha Kiswahili yangu. Lakini usiguse mambo yangu."

Nilianza kulisoma nikiwa na tabasamu. Naona aibu kuliandika hilo, ila ndivyo ilivyokuwa. Nilijiandaa kumhurumia.

Riwaya yake ni ya mwanamke anayeishi jirani na mashine ya kusaga mahindi. Mume amegombana naye, ameondoka, hajarudi. Mwanamke anasimulia huku akisubiri, na sauti yake ni tamu, ya mtu ungependa akae jikoni kwako. Kwa huzuni ameacha kufuta nyumba, na unga wa mashine unaingia dirishani, unatanda juu ya kila kitu: meza, redio, kitanda, picha ya harusi. Anahesabu siku kwa unene wa unga. Kisha, katikati ya orodha hiyo, mstari mmoja: "Na viatu vyake vyeusi pale mlangoni." Basi. Anaendelea na mambo mengine.

Niliposoma mstari ule nywele zilinisimama shingoni. Viatu vyeusi. Kila kitu nyumbani ni cheupe, viatu ni vyeusi. Sura nne mbele, mwanamke anachechemea. Anasema jembe lilimkata kisigino. Na mwisho kabisa tunajua: mume hajaenda popote, mke mwenyewe ndiye aliyemuua, na kila alfajiri anavaa viatu vile vikubwa vinavyomchubua kisigino, anatembea uani kwa hatua ndefu, ili nyayo za mwanamume zionekane kwenye unga na majirani waseme bwana ameshatoka kwenda kazini; kisha anavipangusa na kuvirudisha mlangoni.

Nilifunga daftari nikatoka nje. Nilisimama nikitazama malori. Nilisikia wivu kama njaa, mahali palepale panapouma mtu akifunga siku mbili. Heri kitabu chake kingekuwa kibaya. Heri kingekuwa kizuri kwa bahati. Lakini hakikuwa bahati. Wifi alikuwa amemwaga unga nyumba nzima kwa sababu ya jozi moja ya viatu, na hakuwa na daftari la sheria.

Nilichapa kwa siku tisa. Kiswahili chake nilikinyoosha kwa uaminifu, na naweza kuapa kwa hilo. Nilipofika kwenye viatu, vidole viliandika hivi: "Na viatu vyake pale mlangoni, navyo vimefunikwa na unga." Nilipofika kwenye kisigino, niliondoa kuchechemea na jembe lake. Nilijiambia nasafisha. Nilijiambia kwamba mwandishi anayeanza husahau, kwamba nyumba yenye unga lazima iwe na viatu vyenye unga, kwamba kidonda kile hakina kazi. Mimi ni mtu wa kusawazisha. Nikiona picha imepinda ukutani mwa mtu, naomba ruhusa kuinyoosha. Hata leo naweza kusema hivyo na ukaniamini.

Mswada ulikwenda kwa anwani ya barua pepe ya duka, kwa kuwa wifi hana yake. Hakusoma nilichochapa. "Ulishasoma wewe," alisema kwenye simu, "mimi nitasoma nini?" Wangu sikupeleka. Haukuwa tayari.

Jibu lilikuja baada ya miezi miwili. Waliandika kwa adabu kwamba sauti ya msimulizi iliwavutia sana, lakini siri ya viatu ilitokea hewani. Hakuna mahali ambapo msomaji aliandaliwa, kwa hiyo mwisho ulionekana kama umebandikwa. Wasingeweza kukichukua. Nilisoma mara nyingi. Nitasema ukweli: mara ya kwanza nilipumua. Nilihisi mabega yakishuka, kama mtu aliyetuliwa ndoo.

Nikampigia simu nikamsomea. Alicheka.

"Basi, wifi. Mimi nasuka kichwa kwa nje. Ya ndani ni yako."

"Unaweza kuandika kingine."

"Aa-a. Nilikuwa najaribu tu." Kisha akasema, "Hiyo daftari usijisumbue kurudisha. Fungia hata karanga."

Hapo ndipo raha yangu ilipooza. Daftari lilikuwa kwenye droo, chini ya mashine ya nakala, na ndani yake viatu vilikuwa bado vyeusi. Lilikuwa ndilo shahidi pekee, na mwenyewe alikuwa amenipa ruhusa ya kulichana. Katika riwaya zangu za mitumba, mtu akifika hapo hulichoma. Nililitoa nikalirudisha, siku baada ya siku, kwa juma zima. Nilichokuwa nikisikia si viatu, ni ile "najaribu tu". Alikuwa amejiondoa mwenyewe, bila kelele, kwa kuniamini mimi.

Jumamosi nilipanda teksi kwenda Tororo, daftari ndani ya mfuko. Nilimkuta peke yake, mvua ikiwa imefukuza wateja. Alinivua kitambaa cha kichwa, akakitundika kwenye msumari, akatazama nywele zangu, akapiga ulimi.

"Mtu wa vitabu, nywele kama kiota. Kaa."

Nilikaa. Huo ndio uhusiano wetu: wifi hutukana kwanza, kisha hukusuka. Alinigawa nywele kwa kitana, akaanza upande wa kushoto, na mimi nikaona afadhali nisiuone uso wake. Kwenye kioo alikuwa ameinama, naona utosi tu.

"Kuna mahali nilikosea kwenye kitabu chako," nikasema. "Vile viatu. Nilidhani umesahau unga, nikaongeza."

Vidole havikusimama. "Sema tena."

"Nilikuwa na haraka, nikadhani ni kosa, nikarekebisha. Na kile kidonda cha kisigino, nikakiondoa. Nilikuwa sijafika mwisho wakati huo."

"Sema tena."

Sikuelewa. Kisha nikaelewa. Anasikiliza watu kwa shingo zao kila siku. Niliposema nilidhani, kichwa changu kilikuwa kimesogea. Niliposema haraka, kilisogea tena. Na mara ya pili nilikuwa nimeongeza uongo ambao mara ya kwanza haukuwepo. Miaka yote ile nilikuwa nikitia nukta pembeni mwa wenzangu.

"Nilikuwa nimesoma hadi mwisho," nikasema. "Nilijua viatu vilikuwa na kazi gani. Nilivijua mara ya kwanza tu. Nikavitia unga kwa sababu nilitaka kitabu kiwe changu, na hakikuwa changu."

Alivuta msuko hadi machozi yakanitoka, na sijui kama alikusudia. Akaumaliza. Akaanza mwingine. Mvua iligonga mabati, na vidole vyake vikamaliza misuko mitatu au minne.

"Ulijua mara ya kwanza?" akauliza mwishowe.

"Ndiyo."

"Kwa mstari huo mmoja?"

"Ndiyo."

"Kumbe inafanya kazi," akasema, taratibu, kama anayejiambia mwenyewe.

Alipofika katikati ya kichwa, aliweka kitana mezani.

"Simama."

"Bado upande mmoja."

"Najua. Nenda Busia. Andikia hao watu, sema ni wewe. Ukishaandika, rudi nimalize."

Nilinyoosha mkono kuchukua kitambaa changu cha kichwa kutoka kwenye msumari. Yeye alikuwa na mkono mwepesi zaidi.

"Hii inabaki. Na hiyo daftari, lete hapa."

Nilitembea Tororo hadi stendi nikiwa nimesukwa upande mmoja, upande wa pili umesimama kama kichaka. Vijana wa boda walikuwa na siku nzuri. "Sister, mwenye saluni ndo alikufukuza ama?" Mwingine akamjibu, "Wacha, hiyo ni ya Busia. Nusu Kenya, nusu Uganda." Nami, ambaye sitoki nyumbani kola ikiwa imepinda, nilisimama hapo nikingoja teksi ijae, na kila mtu akapata muda wa kutosha kuniangalia pande zote mbili.

Nilipitia moja kwa moja dukani. Niliandika kwamba mimi ndiye mchapaji, kwamba mwandishi aliniagiza nisiguse mambo yake, na kwamba nilibadilisha mistari miwili nikijua nafanya nini, kwa wivu. Niliorodhesha mistari yake ilivyokuwa, kwa kukumbuka. Sikuirudia barua ile. Nilibonyeza kutuma kabla sijaisoma, jambo ambalo sijawahi kulifanya hata kwa ratiba ya mazishi. Jumanne wakajibu kwa mstari mmoja: mwandishi alete mswada jinsi alivyouandika, watausoma upya.

Nilirudi Tororo siku ya pili yake na nakala ya barua yangu. Wifi aliisoma amesimama mlangoni, kwenye mwanga, midomo ikitembea.

"Umeandika mara ngapi?"

"Mara moja."

"Hiyo naonekana. Kuna makosa." Akaikunja akaitia mfukoni mwa aproni. Nilitaka kumuuliza ni makosa gani, wapi, nikameza swali.

"Nitaanza kuchapa leo hii," nikasema. "Neno kwa neno. Ukitaka kaa kando yangu."

"Kitabu nachapwa tayari," akasema. "Hapa hapa Tororo. Kuna mama mmoja barabara ya soko. Hajui Kiswahili mingi, nachapa tu anachoona."

Sikuwa na haki ya kuumia, na niliumia. Nilimwonea wivu mama huyo nisiyemjua, anayechapa viatu vyeusi bila kujua ni viatu gani. Nikakaa kwenye kiti. Chini ya kioo, kati ya mafuta na vitana, palikuwa na daftari jipya la kaunta, gumu, jeusi, na kalamu imechomekwa katikati. Lilikuwa tayari limefika mbali; niliona unene wa kurasa zilizoguswa, nikaanza kuzikadiria. Ishirini. Thelathini. Faili langu lilikuwa na kumi na moja.

Wifi aliona ninapotazama. Alilichukua akaliweka juu ya kabati, mahali ambapo aliyeketi hafikii.

"Hiyo utanunua kama watu wengine," akasema. "Inamisha kichwa."

Nikainamisha.