Injini Iliyomlalia Martini

Bartolomeo alikuwa mkulima wa Endabash, mtu wa ngano na maharage, na majirani hawakuwahi kumsikia akipaza sauti hata kwa ng'ombe wake. Kwa hiyo siku ile ya mwaka 1979, aliposikika akifoka ndani ya makumbusho madogo ya Karatu, watu waliacha shughuli zao wakakimbilia mlangoni.

Aliingia mle kupoteza muda tu, mkewe Cresensia akiwa zahanati. Akapita mafuvu ya nyati na pembe za pofu, na kule pembeni, juu ya jukwaa la saruji, akaiona: injini ya ndege ya Wajapani, silinda zake zimepangwa duara kama ua la alizeti, moja ina ufa mrefu. Ufa ule aliujua.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, yeye na Martini, kijana mwenzake wa kijiji cha Buger, walikuwa askari Burma. Ndege ile iliangukia msituni, na kapteni wao Mwingereza akaitamani injini yake iwe pambo la nyumbani. Mvua ikimwagika, akawaamuru waivute kwa kamba kupanda kilima chenye utelezi.

"Kamba imechakaa, bwana," Martini alisema.

"Funga mdomo, vuta!"

Kamba ikakatika. Injini ikaporomoka na kumlalia Martini kifuani. Walimzika kilimani palepale. Asubuhi wakaletewa kamba mpya, wakaendelea kuvuta.

Baadaye kapteni alipata shamba la kahawa Oldeani, akaja na injini yake. Mashamba yalipotaifishwa aliondoka, chuma kikabaki, watu wa makumbusho wakakichukua. Bartolomeo hakuwa na habari.

Sasa Piusi, msimamizi wa makumbusho, alikuwa akiwaambia wageni, "Afisa shujaa aliitoa msituni kwa mikono yake mwenyewe."

"Mikono ya nani?" Bartolomeo alinguruma. "Yeye alishika mwavuli! Martini yuko wapi? Mbona humtaji?"

"Mzee, tafadhali, kuna wageni."

"Na wasikie! Hiki chuma kimeua mtu, nyinyi mnakipaka mafuta king'ae!"

Walimtoa nje wakimshika mikono. Cresensia alimkuta barabarani bado akifoka, akamfuta uso kwa khanga.

Juma lililofuata Bartolomeo alichonga msalaba wa mti mgumu uitwao loliondo, akauandikia jina la Martini kwa msumari wa moto, akausimika mbele ya mlango wa makumbusho. Piusi akaung'oa. Bartolomeo akachonga mwingine. Huo nao ukang'olewa. Wakubwa wa Piusi walitishia kuita polisi. Mzee akawaambia waje nao, naye atawasimulia polisi pia.

Akafariki mwaka 1984, bado ana kinyongo, bado anachonga.

Baada ya matanga, Bernadina, dada yake Martini, alitoka Buger na msalaba begani. Piusi alimkuta akichimba shimo.

"Mama, nimeagizwa niung'oe."

"Ung'oe nikikutazama," alisema Bernadina. "Mimi kaburi la kaka yangu liko nchi nisiyoijua. Haya, ng'oa."

Piusi akaingia ndani akafunga mlango, na msalaba haukung'olewa tena. Ila maneno aliyokuwa akiwaambia wageni hakuyabadilisha, na Bernadina, kila alipopita pale, alitema mate kizingitini.