Mama, Chai na Mzungu wa Bima

Jamani, leo mama kanimaliza, tena kwa adabu!

Dhoruba ya juzi iling'oa mfereji wa bati wa paa letu hapa Temeke. Mpya kabisa.

Leo kaja Mzungu wa bima kukagua. Wao wanalipa kilichovunjwa na dhoruba, si kilichojiozea.

Mama kamwandalia chai, kisha kajishusha kama afanyavyo kwa kila mgeni:

"Utuwie radhi, bwana. Kibanda chetu kimechoka, hata mfereji ulishaoza zamani."

Mzungu, Kiswahili anakijua vizuri. Kaweka kikombe chini, kaandika.

Mie jasho! Nikibisha, nimemfanya mama mwongo mbele ya mgeni.

Nikammiminia mgeni chai nyingine. Nyie mngefanyaje?

Sasa wingu limetanda tena, na mama ananiuliza:

"Mgeni kaipenda chai?"