Nilibeba Lawama za Bosi Mbele ya Wageni kutoka China

Admin, nifiche tafadhali, maana Watanzania wa Minnesota huku Marekani tunajuana mpaka magari. Mimi ni mama wa miaka 39, nina mume na binti mmoja. Nilikuja kusoma, nikapata kazi kwenye kiwanda cha pampu hapa Plymouth. Makaratasi yetu ya kuishi hapa yanategemea kazi hiyo.

Kiwanda kilinunuliwa na kampuni ya serikali ya China, wakatuletea mkurugenzi kutoka kwao, mzee mpole. Wazungu walihangaika naye, mimi nikamwelewa haraka. Kwake kikao si mahali pa kubishana. Ukiwa na neno unampelekea ofisini kabla, mlango umefungwa. Na meneja anayefaa ni yule anayemkinga mkubwa wake mbele za watu. Kwani sisi nyumbani hatukulelewa hivyo? Akanipandisha cheo, nikajiona mjanja kuliko wote.

Kisha akaagiza raba za bei rahisi za kuzuia maji kwenye pampu. Nilimfuata ofisini nikamsihi asifanye hivyo, akasema makao makuu wanataka gharama zishuke. Pampu zikavuja, mteja akarudisha mzigo wote, wakubwa wakaja kutoka China. Asubuhi ya kikao akaniita: "Sema ni wewe uliyeagiza. Nitakulinda." Nikasimama mbele yao nikasema ni mimi. Wale wageni wakaitikia kwa kichwa, tukaenda kula. Kwao yalikuwa yameisha.

Lakini dada wa HR, Mmarekani, alikuwepo. Kwake yeye nilikuwa nimekiri kosa. Wiki hiyohiyo nikasimamishwa kazi, na mzee akaitwa China ghafla.

Juzi akanipigia, sauti imemkauka. "Huku wananichunguza. Ukibadilisha maneno, mimi nafungwa. Vumilia." Nililia kwa hasira, nikalia na kwa huruma.

Mume wangu amechoka na mimi. "Huyo mzee ndiye atakayetulisha? Wakikuuliza, sema ukweli!" Binti yangu naye akaniuliza, "Mama, why did you say it was you?" Nami najiuliza hilohilo: kwa nini nilisema ni mimi?

Kesho HR wananihoji kwa mara ya mwisho. Nikisema ukweli, namfunga mtu aliyeniinua. Nikinyamaza, tunafungasha, na binti yangu hajui nchi nyingine. Tena sijui hata kama kweli anachunguzwa, au ananitumia kama asubuhi ile. Ndugu zangu, mnitukane baadaye. Kwanza niambieni, kesho niseme nini?