Tanga la Soksi ya Rughenda

Majuzi nilitoka Eringeti kwa pikapu, nikalala Mutwanga, kisha nikaingia Butembo kwa pikipiki. Karibu na Rughenda tairi lilipasuka. Fundi wa kando ya barabara akavua jante, ule mduara wa chuma wa gurudumu, akaanza kuinyoosha kwa nyundo, na mimi, mtu mzima mwenye mvi, nikaruka pembeni ya barabara nikitazama juu. Dereva akacheka. "Maman, unatafuta nini kule mbinguni?" Wewe nitakueleza.

Nilikulia pale Rughenda, nyuma ya kiwanja cha ndege. Kilikuwa cha udongo, na siku zisizo na ndege kilikuwa chetu sote: wanawake walianika mihogo, mbuzi walikula pembeni, na harufu ya mihogo iliyochachuka ilichanganyika na moshi wa mikaratusi. Mlinzi wa kiwanja alikuwa jirani yetu, tukimwita Papa Sentinelle. Ndege ikisikika, aligonga jante ya lori iliyoning'inia kwenye mti, na kila mtu alikusanya vyake akatoka. Vita vilipofika, kamanda aliyetoka mkoa wa mbali alimwambia mbele yetu kwamba kitu chochote kikizuia ndege, atajibu yeye, kwa kichwa chake.

Mimi nilikuwa na chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali ambayo wanaume hubebea makaa na viazi. Kwenye mteremko hukimbia, kwenye tambarare husukumwa. Nilitaka ikimbie tambarare. Nikasimamisha mti wa mkaratusi katikati yake, nikafunga turubai la wakimbizi, tuliloliita bâche, kama tanga. Upepo ukaisukuma kwa mwendo wa mtu anayerudi mazikoni.

"Chukudu yako iko inakimbia sawa mbuzi ya mimba!" Papa Sentinelle alipiga kelele.

"Ni bâche iko muzito, Papa!"

Kicheko chake kilikuwa cha mtu aliyeanza kuvutiwa. Tangu siku hiyo alinipima mwendo. Nilipolipita jiwe jeupe alianza kuhesabu kwa sauti, akaacha nilipofika kichuguu. Nilibadilisha magurudumu. Niliongeza mti wa kukingama wenye kagurudumu kila ncha, ili nisipinduke. Kisha nikagundua jambo ambalo hakuna mwalimu aliyenifundisha: upepo ukikusukuma mgongoni huwezi kuupita, lakini ukiupokea ubavuni, tanga likiwa limekazwa upande, unakwenda kasi kuliko wenyewe. Sikuamini mpaka vumbi langu lilipobaki nyuma.

Kilichobaki kilikuwa kitambaa. Kiwanja kilikuwa na soksi, ule mfuko mrefu wa rangi ya chungwa unaomwonyesha rubani upepo unatoka wapi. Mpya ilipoletwa, Papa Sentinelle alinipa ile kuukuu.

"Chukua. Mais sikia, mutoto. Jante ikilia, unatoka. Donc, hapana kubishana."

Koko, nyanya yangu, aliikata akaishona upya kwa mkono, akaiachia tumbo dogo nilivyomwomba. Alikuwa na msemo wake, alioutumia hata kwa kuku: mwenye mbio haitiki. Aliusema huku akikata uzi kwa meno.

Asubuhi ile ya kiangazi upepo ulikuja wa ubavuni, mkavu, wa kutosha. Kamba ya tanga niliifunga kwenye usukani ili mikono yangu iwe huru. Chukudu ikanyanyuka gurudumu moja. Kamba zilipiga mluzi, magurudumu yalinguruma, na sikusikia kingine chochote. Nilikuwa nikifurahi, lazima nikwambie hilo. Sijawahi kufurahi hivyo tena.

Kivuli kikanipita. Nikaona matairi ya ndege juu ya kichwa changu, yakipanda badala ya kushuka. Nikavuta kamba, fundo likakataa. Niliposimama ndani ya majani, ndege ilikuwa nukta kuelekea Beni.

Ilikuwa ije kumchukua askari mmoja aliyekuwa amelala kwenye kibanda cha kiwanja na risasi tumboni. Haikurudi. Kabla ya jioni askari yule alikata roho, na kamanda akaja kwa miguu, akiwa amelishika tanga langu mkononi.

"Yo, vieux! Jante ulipiga saa ngapi?" alimuuliza yule mzee, Papa Sentinelle.

Wanawake wa mihogo walikuwa wameisikia. Walikuwa wametoka na mihogo yao wote. Papa Sentinelle alikuwa ameigonga hadi mpini wa nyundo ukavunjika. Vipande viwili nilikuwa ninaviona chini ya mti.

"Nilichelewa, mon commandant," alisema. "Mutoto hapana na kosa. Hakusikia juu ya mimi sikupiga mapema."

Hakunitazama. Sikufungua kinywa. Askari wake wakampandisha kwenye jipu.

Mke wake alikuja kwetu wiki nzima kuuliza kama kuna aliyesikia habari. Koko alimpa maharagwe aliyoyapika kwa mbao za chukudu yangu. Mimi sikuyala.

Leo mihogo haianikwi tena pale, na mti wa jante umekatwa. Nimezunguka sana, nimefanya kazi nyingi, sikudumu popote. Watu huniuliza kwa nini mtu anayependa kujua hivi aliacha shule mapema. Huwaambia nilichoka. Kengele ya shule yetu, rafiki, ilikuwa jante. Kila asubuhi waliigonga, na kila asubuhi niliisikia vizuri.