Tunauliza Bei ya Mchele

Juzi nilikuwa napimiwa mchele sokoni Tunduma, mara kundi la watu likamwangusha mwizi wa simu mbele ya meza ya mama muuzaji. Mmoja wao alikuwa ameshabeba tairi.

"Si hapa!" mama alifoka, kisado chake cha kupimia bado kikiwa juu. "Mkimchoma hapa, wateja wangu wa Zambia hawavuki tena mpaka huu hadi mwezi uishe."

Ngumi zilizokuwa zimeinuliwa zikashushwa. Nikaanza kuamini kwamba biashara inamstaarabisha mtu. Kisha mama akaelekeza kidevu nyuma ya maegesho ya malori. "Mpelekeni kule. Kule hakuna anayeuza kitu."

Walikuwa wanamburuta, askari mmoja akatokea. "Kuna nini hapa?"

Mwenye tairi aliliweka chini akalikalia. "Tunauliza bei ya mchele, afande."

Askari akamtazama mwizi aliyekaa vumbini, mdomo unamvuja damu. "Na wewe?"

"Na mimi nauliza bei, afande."

Askari akashusha pumzi, akageuka aende zake. Hapo mwizi akamrukia mguu, akaukumbatia kwa mikono miwili. "Nimeiba, afande! Nifunge!"

Wasomi wanabishana kama ni soko au serikali inayotuzuia tusiuane. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba mwizi yule aliviogopa vyote viwili, na alipobanwa achague, alikumbatia buti la serikali. Na buti lenyewe lilikuwa linaondoka.