Ufagio Chini ya Msonobari

Kila mtu mtaani kwetu Mamboleo aliuita mti wa Krismasi. Waliojifanya wajuzi waliuita sipres. Ikifika Desemba walikuja getini kuomba tawi, na mke wangu aliwafukuza kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. "Hii ni paini," aliwaambia. "Sipres katafuteni kwenu."

Aliuleta kutoka kwao Kinangop, mche mdogo ndani ya mkebe wa maziwa, pamoja na mfuko wa udongo. Udongo! Nilimcheka safari nzima. Nikamuuliza udongo wa Kisumu una kasoro gani, sisi tunaolima mtama tangu enzi za babu zetu. Akasema ameuchota chini ya misonobari ya baba yake, na kwamba mche wa aina hii ukipandwa bila udongo wa kwao hudumaa. Hapo nikaupakata mfuko mwenyewe. Yeye pia nilikuwa nimemng'oa huko nikamleta kwenye joto hili, bila hata mkebe.

Mti ulikua vizuri. Mke wangu ndiye aliyeondoka. Aliugua muda mfupi tu, tukamzika kwetu Nyakach, mbele kidogo ya Katito, kama desturi yetu inavyotaka. Mama yangu akaja kukaa nami mjini. Alisema anakuja kwa wiki moja, na mpaka leo hajaondoka.

Mke wangu alipokuwa hai, wawili hao hawakupikika chungu kimoja. Ugomvi wao mkubwa ulikuwa ufagio. Mama akija kututembelea alikuwa akiamka alfajiri na kufagia uwanja wote mpaka ardhi ing'ae, na majani membamba ya msonobari yakienda na taka nyingine. Mke wangu alitaka yaliyo chini ya mti yaachwe papo hapo yalipoangukia; ya mlangoni aliyafagia mwenyewe. "Nyar Kinangop anaishi kama ndege kwa kiota," mama alinung'unika. Binti wa Kinangop, ndivyo alivyomwita, maana kwetu mwanamke huitwa kwa jina la alikotoka.

Basi baada ya mazishi mama alishika ufagio, na hapakuwa na mtu wa kumzuia.

Haukupita muda ncha za matawi zikaanza kugeuka rangi ya kutu. Majirani wakasema mti unaomboleza. Maneno ya namna hiyo hunikera. Mti haujui kufiwa. Lakini niliogopa sana. Nguo za mke wangu zilikuwa zimechukuliwa na dada zake, na kibanda alichouzia nafaka sokoni kilikuwa na mtu mwingine. Mti huu ndio kitu pekee nilichobaki nacho ambacho mikono yake ilikipanda na bado kilikuwa hai.

Nikachuma kitawi nikampelekea afisa mmoja wa misitu, mama mpole asiye na haraka. Alinionyesha jinsi majani yanavyoshikana matatu matatu kwenye shina moja dogo, marefu, yamelegea kama nywele zilizolowa mvua. Akasema huu ni msonobari wa milimani na joto letu linauchosha. Nisilime karibu na mizizi, nisiache maji yatuame kwenye udongo wetu mweusi, na zaidi ya yote nisiondoe majani yaliyoanguka. Mizizi yake inaishi pamoja na kuvu, nyuzi nyeupe nyembamba zilizokuja na ule udongo wa kwao. Ardhi ikiachwa uchi juani, nyuzi hizo hukauka. Nilianza kucheka pale ofisini, maana mke wangu alikuwa ameniambia hayo hayo.

Sikumwambia mama. Ningemwambiaje? Chini ya mti ule alifagia polepole kuliko mahali pengine, ameinama, akivumisha wimbo wa kanisani. Akienda kwenye kikundi cha akina mama, mimi nilichukua beseni, nikaenda kwenye rundo kando ya ua, nikayarudisha majani. Kesho yake aliyafagia tena. Mzee mzima nikawa nacheza mchezo wa kujificha na mama yangu.

Uwanja ulikuwa safi kiasi kwamba muuza samaki wa Dunga, aliyekuwa amepotea kwa muda mrefu, alipopita alichungulia tu juu ya geti na kupaza sauti: "Baba, salimia mama!" Alimaanisha mke wangu; habari za kifo hazikuwa zimemfikia. Nikamjibu kwamba salamu zitamfikia.

Siku moja mama alirudi mapema, akanikuta nimepiga magoti na beseni langu.

"Unafanya nini na takataka, nyathina?" Mtoto wangu, hivyo ndivyo anavyoniita hata sasa nina mvi.

"Mama, hii si takataka. Ni chakula ya mti."

"Najua. Bibi yako aliniambia mara mingi." Alilitazama rundo. "Ndiyo maana hizi sichomangi."

Ilikuwa kweli. Taka nyingine zote alizitia moto, lakini majani haya aliyarundika peke yake. Sikuwahi kujiuliza kwa nini.

"Sasa mbona unafagia?"

"Mtu akipita aone uwanja chafu, atasema hii nyumba haina mwanamke."

"Lakini haina, mama."

Kwenye mazishi alikuwa amelia kwa sauti pamoja na wenzake. Safari hii aliketi kizingitini akalia kimya, ufagio mapajani, nami sikujua la kufanya na beseni.

Asubuhi iliyofuata sikusikia ufagio, wala zilizofuata. Majani yakaanguka yakalala. Matawi mengine yametoa ncha mpya za kijani, mengine yamekauka kabisa, na sijui kama mti utafika mvua zijazo.

Juzi muuza samaki alirudi, nikamfungulia geti. Alikuwa ameshafumbua kinywa anitanie, kisha macho yake yakashuka chini ya mti, yakayafuata majani yale mpaka mlangoni. Akatua beseni lake la omena taratibu.

"Baba," akaniuliza, "mama alituacha lini?"