Honi ya Kisaju

Mume wangu Kiema aliendesha lori miaka ishirini na mbili, kutoka Nairobi kupitia Namanga hadi Arusha, na miaka hiyo yote nilikuwa mke wa mtu anayepita. Sasa amekatwa mguu wa kulia kwa ajili ya sukari, yuko nyumbani kila siku, na bado anaendesha. Ana kompyuta, usukani wa plastiki aliotumiwa na binti yetu Mutheu, na mchezo wa malori. Akishakunywa chai ya asubuhi anapangusa skrini kwa kitambaa kilekile cha manjano alichopangusia kioo cha lori, anawasha, anaenda zake. Mimi nabaki na vyombo.

Niseme ukweli, mashine hiyo niliichukia. Nilingoja miaka ishirini na mbili mwanamume huyu atulie kwenye kiti, na alipotulia akaondoka tena akiwa amekikalia.

Mwezi uliopita mtu fulani mtandaoni alitengeneza ramani ya barabara ya Namanga jinsi ilivyokuwa zamani, ya kuweka kwenye mchezo huo. Kiema akaiweka, na kompyuta ikaanza kuganda. Kutwa nzima namsikia akisonya, anazima, anaanza upya kutoka Athi River. Mwishowe akasema anataka prosesa na RAM mpya. Nikamwambia tunaenda wote, maana huyu akiachwa na fundi peke yake hurudi na kitu kisichopita mlangoni.

Fundi ni Metito, kijana wa jirani zetu wa Kisaju, ambaye siku hizi ana duka la kompyuta Kitengela na kitambi cha kuonyesha kwamba linamlipa.

"Takwenya, mama," akanisalimia.

"Iko," nikajibu. Kimaasai changu huishia karibu na hapo.

Kiema hakungoja kukaa. "Nataka ile prosesa kubwa kabisa. Core kumi na mbili. Na motherboard mpya."

"Mzee, kwanza niambie inaganda wapi."

"Kitengela, pale kwa stage, magari yakijaa. Huku nyuma kwa barabara tupu iko sawa, inateleza tu."

"Basi motherboard tunaiacha. Magari hayo yote, prosesa ndiyo inayafikiria, na hiyo yako ni ya kitambo. Lakini game yako haihitaji core nyingi. Inataka chache ziko na mbio. Hii ya core sita inaingia kwa board uko nayo. Nita-update BIOS, ile program ya kuamsha board, ndio iitambue, basi."

Kiema alijikuna kidevu. "Yaani si wingi wa silinda."

"Ni nguvu ya kila silinda, mzee."

Hapo wakaelewana, na nikajua sitasikilizwa tena. Wakaingia kwenye RAM. Kompyuta ilikuwa na kipande kimoja cha GB nane, na Metito alikuwa na kingine cha nane, cha kampuni tofauti, kilichotolewa kwa mashine ya mtu. Akataka kukiongeza tu zifike kumi na sita. Kiema akakataa kabisa.

"Tairi mbili tofauti kwa ekseli moja? Wewe leta mbili za kufanana."

"Inaweza kufanya kazi," Metito akasema, akicheka, "lakini ile ya mbio itabidi ifuate mwendo wa ile ya polepole. Umeongea ukweli." Akatoa jozi mpya kabatini.

Mimi nilikuwa nimechoka. "Baba Mutheu, kwani ni lazima upite Kitengela? Si uanzie tu Isinya, mahali hakuna magari?"

"Nikianzia Isinya nitakuwa nimepita Kisaju."

"Na Kisaju iko nini?" Metito akauliza.

"Iko kazi," Kiema akasema, macho kwenye meza. Nikaona ni ukaidi wake wa kila siku.

Teksi ilitushusha nyumbani, kando ya ukuta wa godauni lililo mbele ya lango letu. Ukuta huo nao siupendi. Tulipojenga Kisaju hapakuwa na kitu mbele yetu. Ukisimama langoni uliona barabara yote, na asubuhi nyingine pundamilia walilala hapo katikati kana kwamba plot ni zao. Kiema akipita na mzigo hakuruhusiwa kusimama, kwa hivyo alipiga honi, mbili fupi na moja ndefu. Mimi nilitoka mbio, Mutheu kiunoni, nikapunga leso hadi lori lipotelee upande wa Isinya. Baada ya siku nne au tano akirudi, kabla hata ya salamu aliniuliza, "Ulitoka?" Nami nilimjibu, "Nilitoka." Siku nyingine nilikuwa na mikono kwenye povu na sikutoka, lakini nilimjibu hivyohivyo. Kisha godauni likajengwa, barabara ikapotea, na honi zikawa za kila mtu.

Kesho yake mchana, kompyuta ikiwa imeshafungwa vifaa vyake vipya, nilikuwa jikoni namenya waru. Chumbani lori linanguruma, Kiema hasonyi. Nilijiambia angalau leo tutapumzika.

Halafu nikasikia honi. Mbili fupi, moja ndefu.

Nilijikuta langoni. Sikumbuki nikiweka kisu chini. Nilikuwa nimeinua leso juu ya kichwa, naupungia ukuta wa godauni, na machozi yananitoka kama mtu aliyefiwa, kumbe ni furaha. Mwihaki, jirani yangu, alikuwa anaanika nguo upande wa pili wa ua.

"Mama Mutheu, unapungia nani?"

"Ni bwanangu anapita," nikamwambia, nikaendelea kupunga hadi nilipohesabu kwamba ameshakaribia Isinya.

Niliporudi ndani nilimkuta amesimamisha lori kando ya barabara, mikono bado kwenye usukani. Kwenye skrini hapakuwa na godauni, palikuwa na nyasi tu na barabara. Hakugeuka.

"Ulitoka?"

"Nilitoka," nikasema, na safari hii sikudanganya.